Siti kwanza, usukani baadaye: mwongozo kamili wa kurekebisha baiskeli ikukae sawasawa

Ukimuuliza mwendesha baiskeli kwa nini siti yake iko pale ilipo, mara nyingi atakwambia anataka akisimama miguu yote miwili ifike chini. Haja hiyo inaeleweka, maana hakuna anayependa kuanguka mbele za watu. Tatizo ni kwamba, kwa karibu kila baiskeli ya kawaida, siti inayokuwezesha kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili bila kuinuka iko chini mno kwa kuendeshea. Goti linakunjika kupita kiasi kila pedali inapopanda, paja linachoka mapema, na baada ya muda maumivu yanaanza mbele ya goti. Aliyezoea baiskeli hushuka sitini anaposimama: anateleza mbele, anaweka mguu mmoja chini, fremu inabaki katikati ya mapaja. Huo ni ufundi wa kujifunza jioni moja, wala haufai kuamua urefu wa siti.

Kosa jingine, ndugu yake wa karibu, ni kusogeza siti mbele kwa sababu usukani uko mbali. Mikono inapata nafuu kwa siku mbili tatu, halafu magoti yanaanza kulalamika. Pedali zinazunguka mahali pamoja kwenye fremu na huwezi kupahamisha, kwa hiyo vipimo vyote vinaanzia hapo. Siti hupimwa kutoka kwenye pedali, na usukani hupimwa kutoka kwenye siti. Ukianza na usukani utazunguka tu: kila ukitengeneza huku, kule kunaharibika.

Vifaa, na alama za kurudia ulikotoka

Alenki za milimita 4, 5 na 6, yaani vile vyuma vya pembe sita vilivyopinda kama herufi L, zinatosha kwa baiskeli nyingi za kisasa. Za zamani hutaka spana, mara nyingi ya 13 au 14 kwa nati za chini ya siti. Ongeza futi ya kupimia, uzi uliofungwa nati mwishoni uwe timazi, pimamaji (hata ile ya kwenye simu inafaa), tepu, grisi kidogo na karatasi ya kuandikia. Mtu wa kukutazama kutoka ubavuni anazidi kifaa chochote. Asipopatikana, weka simu kwenye stuli ikurekodi video, iwe kwenye kimo cha nyonga. Ikiwekwa sakafuni itakudanganya kuhusu mkunjo wa goti.

Vaa viatu na nguo unazoendeshea, kwa kuwa soli nene au kaptura yenye godoro hubadilisha kipimo kwa milimita kadhaa. Jaza matairi upepo. Simamisha baiskeli kwenye sakafu tambarare, mlangoni, ili uweze kushika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja ukiwa juu.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, zungushia tepu bomba la siti pale linapozama kwenye fremu. Kisha pima na uandike: kutoka katikati ya kitovu cha krenki (krenki ni ule mkono wa chuma unaoshika pedali) mpaka juu ya siti, ukifuata mwelekeo wa bomba, kutoka pua ya siti mpaka katikati ya usukani, kimo cha siti kutoka sakafuni, na kimo cha usukani kutoka sakafuni. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuanza kazi, halafu siku ya tatu hawajui tena walianzia wapi.

Urefu wa siti

Hiki ndicho kipimo chenye uzito kuliko vyote, na ndicho cha kukitendea haki kabla ya kugusa kingine.

Panda, kaa kwenye sehemu pana ya siti, nyuma ya pua. Weka kisigino juu ya pedali na uikanyage kinyumenyume polepole mpaka krenki inyooke kwenye mstari mmoja na bomba la siti. Hapo ndipo pedali iko mbali zaidi na siti, mbele kidogo ya pale inapokuwa chini kabisa. Goti linatakiwa linyooke kabisa, kisigino kikiwa bado kimegusa pedali na nyonga haijainama upande. Goti likibaki limekunjika, pandisha siti. Kisigino kikining'inia hewani, shusha. Rudia kwa mguu wa pili, kwa sababu watu wengi miguu yao haifanani kabisa. Kama tofauti ni ndogo, fuata mguu mfupi.

Sasa rudisha mguu mahali pake pa kukanyagia: lile fundo pana la wayo, nyuma ya kidole gumba, likae juu ya mhimili wa pedali au mbele yake kidogo. Goti litapata mkunjo mdogo. Ukiwa na video, simamisha picha pedali ikiwa chini na uchore mistari miwili, mmoja kutoka nyonga hadi goti na mwingine kutoka goti hadi kifundo cha mguu. Mkunjo wa digrii 25 hadi 35 kutoka kwenye mstari ulionyooka ndio unaokubalika na wengi. Anayeanza, au mwenye misuli migumu ya nyuma ya paja, akae karibu na 35.

Baada ya hapo mtazamaji asimame nyuma yako, wewe ukanyage kinyumenyume kwa kasi ya kawaida. Asitazame miguu. Atazame mkanda wa suruali. Mkanda ukibaki umelala, siti iko sawa au iko chini. Ukipanda huku na kushuka kule kama mizani, nyonga zinafuata pedali kwa sababu miguu haifiki, na siti lazima ishuke. Shusha milimita 5, tazama tena. Dalili nyingine ya siti ndefu ni kidole cha mguu kunyooka kuelekea chini kila mzunguko, kama mtu anayetafuta pedali kwa ncha ya kiatu.

Wapo wanaopenda hesabu, na hesabu zipo. Ya kwanza ilipata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990: pima urefu wa ndani wa mguu, zidisha kwa 0.883, na jibu ni umbali kutoka katikati ya kitovu cha krenki mpaka juu ya siti. Ya pili ni ya watafiti Hamley na Thomas, mwaka 1967: asilimia 109 ya urefu huohuo, kutoka pedali ikiwa mbali zaidi mpaka juu ya siti. Kupata urefu wa ndani wa mguu, simama bila viatu ukiwa umeegemea ukuta, nyayo zimetengana kidogo, bana kitabu chenye jalada gumu kwenye msamba, ukivute juu kwa nguvu kana kwamba umekaa sitini, kisha pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu.

Tuseme umepata sentimita 80. Hesabu ya kwanza inakupa 70.6. Ya pili inakupa 87.2, toa krenki ya milimita 170 na unabaki na 70.2. Tofauti ni milimita 4. Hilo linatia moyo, lakini hesabu zote mbili hazijui soli yako ni nene kiasi gani, wala kama wewe ni mtu wa kuinamisha kisigino au kukiinua. Kwa maoni yangu zinafaa kama mlinzi: kama njia ya kisigino imekupa jibu linaloachana na hesabu kwa sentimita 3, kuna mahali ulikosea kupima. Mkanda wa suruali ndio wenye kauli ya mwisho.

Kuhusu ufunguaji wenyewe. Legeza kibanio cha siti, chomoa bomba lote nje, lifute, paka grisi nyembamba, lirudishe. Bomba la chuma au aluminiamu lisilopakwa grisi kwa miaka huota kutu na kugandamana na fremu, na kulitoa ni kazi ya siku nzima. Likiwa limeshaganda, mwagia mafuta ya kulainisha kutu, acha usiku kucha, kisha ling'oe kwa kuzungusha siti huku na huku. Nyundo itapasua fremu kabla haijaling'oa. Bomba la kaboni halipakwi grisi, lina krimu yake yenye chembechembe za kuongeza mshiko.

Kila bomba lina mstari au maandishi yanayoonyesha mwisho wa kupandisha. Mstari huo usionekane nje ya fremu kamwe. Ukiuona na siti bado iko chini, tafuta bomba refu zaidi lenye kipenyo kilekile. Tofauti ya hata milimita 0.2 ni tatizo, kwa hiyo soma namba iliyogongwa kwenye bomba lako: 27.2 na 31.6 ni za kawaida.

Kama siti yako ilikuwa chini kwa sentimita nyingi, usiipandishe yote leo. Nusu sentimita kila baada ya safari chache inatosha, misuli na kano zizoee. Mwanzoni itaonekana ndefu ajabu hata ikiwa sahihi.

Siti mbele au nyuma

Chini ya siti kuna reli mbili zinazoteleza ndani ya kibanio. Legeza bolti kiasi cha kuiwezesha siti kusogea, usiifungue hadi vipande vianguke. Kuvipanga upya ni usumbufu.

Kaa, sawazisha krenki ziwe zimelala sambamba na sakafu, wayo juu ya pedali ya mbele. Shusha timazi kutoka kwenye mfupa wa mbele ya goti, chini tu ya pia ya goti. Uzi ukipita karibu na mhimili wa pedali, una mahali pazuri pa kuanzia. Ukianguka mbele ya mhimili, siti irudi nyuma. Ukianguka nyuma sana, isogee mbele.

Nasema mahali pa kuanzia kwa sababu mstari huo hauna uchawi. Kuna baiskeli za kulalia, ambazo mwendeshaji ananyoosha miguu mbele yake na goti halikaribii kabisa kuwa juu ya pedali, na watu wanaziendesha maelfu ya kilomita bila shida. Kinachoamua kweli ni mizani ya mwili. Endesha kwenye njia tambarare kwa nguvu ya wastani, legeza viganja mpaka viguse usukani kwa shida tu, kiwiliwili kikiwa kimeinama vilevile. Ukiweza kubaki hivyo kwa sekunde chache bila kutumbukia mbele, uzito wako umebebwa na siti na pedali. Ukitumbukia mara moja, siti imeenda mbele mno, na mikono ndiyo inayobeba mzigo. Irudishe nyuma milimita 5, jaribu tena. Hapa ndipo wengi hushangaa: anayeumwa viganja anadhani siti isogee mbele, kumbe dawa mara nyingi ni kuirudisha nyuma.

Jambo moja linasahaulika. Bomba la siti limelala kwa nyuma, kwenye pembe inayokaribia digrii 73 kwa baiskeli nyingi. Kwa hiyo siti ikirudi nyuma milimita 10, inakuwa mbali na pedali kwa takriban milimita 3 zaidi. Ishushe kiasi hicho. Ikienda mbele, ipandishe. Na usifunge kibanio kwenye sehemu iliyopinda ya reli. Reli nyingi zina alama za mwanzo na mwisho wa eneo la kubania.

Pua ya siti

Anza na siti iliyolala. Weka ubao au kitabu kigumu kirefu juu yake kutoka nyuma hadi puani, pimamaji juu ya ubao. Kutoka hapo una ruhusa ya kuinamisha pua digrii 1 hadi 3, hasa kama unainama sana kwenye usukani. Zaidi ya hapo unateleza mbele muda wote na kujisukuma nyuma kwa mikono, na viganja vinakufa ganzi. Pua ikiinuliwa inabana msamba, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu. Ganzi sehemu za siri si jambo la kuzoea wala la kuonea aibu. Ukiipata, shusha pua, hakikisha siti si ndefu, na inuka kwenye pedali kila baada ya dakika kadhaa. Isipoisha, huenda siti yenyewe haikufai.

Upana wa siti unapimika nyumbani. Chukua kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya kiti kigumu, kaa, inama mbele kidogo na ujivute chini kwa mikono. Ukiinuka utaona mabonde mawili, moja kwa kila mfupa wa makalio. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi la pili, ongeza milimita 20 hadi 30, na una upana wa siti wa kutafuta. Usivutwe na siti laini kama godoro. Mifupa inazama, na kile kilichokuwa kati ya mifupa ndicho kinachobebeshwa uzito. Kwa safari ya nusu saa huwezi kuona tofauti; kwa saa mbili utaiona.

Usukani: kimo

Siti ikiwa imetulia, na umeendesha nayo angalau safari mbili tatu, njoo kwenye usukani. Kwa anayetafuta starehe, kimo kinacholingana na siti au kuizidi kwa sentimita chache ni chaguo salama. Usukani ulio chini sana ya siti unampendeza mwanamashindano kwa sababu unapunguza upepo, lakini unadai mgongo na shingo vilivyozoea. Hakuna fahari ya kuwa na usukani wa chini kama huwezi kuinua kichwa uone njia.

Namna ya kupandisha inategemea shingo ya usukani, yaani kile kipande kinachounganisha usukani na uma, na kuna aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo.

Ya zamani ni shingo inayozama ndani ya bomba la uma (uma ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), ikiwa na bolti moja juu yake, ya alenki 6 au spana 13. Bolti hiyo inavuta kabari iliyo ndani. Ilegeze mizunguko mitatu minne, itainuka juu kwa milimita kadhaa, na shingo yenyewe itabaki imekaza palepale. Usiendelee kufungua. Weka kipande cha mbao juu ya kichwa cha bolti, kigonge mara moja kwa nyundo. Utasikia mlio wa kuachia, kabari imeshuka. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti, zungusha usukani huku na huku ukiuvuta juu. Paka grisi, uweke kimo unachotaka, lakini mstari wa mwisho uliochongwa kwenye shingo ubaki umefichika ndani. Shingo iliyopandishwa kupita mstari huo inaweza kuchomoka au kukatika ukiwa njiani, na hapo unabaki umeshika usukani usiofungwa popote. Kaza, kisha jaribu: simama mbele, bana gurudumu, jaribu kuzungusha usukani. Usisogee.

Ya kisasa inakumbatia bomba la uma kwa nje, na ina bolti mbili ubavuni na moja juu ya kofia. Bolti ya kofia haishiki usukani. Kazi yake ni kubana beringi za uma. Kimo kinabadilishwa kwa kuhamisha pete zilizo chini ya shingo kwenda juu yake, au kinyume. Utaratibu ni huu, na mpangilio wake una maana:

1. Legeza bolti mbili za ubavuni, kisha fungua bolti ya kofia na uitoe. Shika uma usidondoke chini.
2. Toa shingo, panga pete upya, irudishe. Pete au shingo izidi ncha ya bomba la uma kwa milimita 3 hadi 5, kofia ipate nafasi ya kubana.
3. Kaza bolti ya kofia taratibu. Shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kugongagonga kwenye uma, ongeza kidogo. Inua gurudumu la mbele na uinamishe baiskeli: usukani uanguke wenyewe kushoto na kulia bila kusita. Ukisita, umekaza mno.
4. Nyoosha usukani sambamba na gurudumu, kisha kaza bolti za ubavuni kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Nguvu inayotakiwa imeandikwa kwenye shingo yenyewe, mara nyingi nyutonimita 5 au 6.

Bomba la uma likishakatwa halirefuki. Kama pete zimeisha, geuza shingo juu chini: nyingi zina mwinamo wa digrii 6 au 7, na shingo ya milimita 100 yenye digrii 6 ikigeuzwa inainua usukani kwa takriban sentimita 2 bila kununua kitu. Angalia nyaya za breki na gia kwanza. Zikivutika pale usukani unapogeuzwa hadi mwisho, zinahitaji kurefushwa.

Usukani: umbali

Kaa, shika usukani pale unapoushika mara nyingi, fumba macho na ukanyage. Viwiko vinatakiwa viwe na mkunjo kidogo, mabega yameshuka mbali na masikio. Kiwiliwili kilichoinama karibu digrii 45 kutoka sakafu kinafaa safari ndefu. Anayekwenda polepole mjini anaweza kukaa wima zaidi. Mikono ikiwa imenyooka kama fimbo, kila shimo la barabarani linapanda mpaka shingoni. Magoti yakikaribia viwiko, au ukijikuta unajisukuma nyuma ya siti kutafuta nafasi, usukani uko karibu mno.

Utasikia vipimo viwili vya mitaani. Kimoja kinasema ukitazama chini, usukani ufiche kitovu cha gurudumu la mbele. Kingine kinasema kiwiko kikigusa pua ya siti, ncha za vidole zifike usukani. Vyote viwili vinaweza kukubahatikia, lakini cha kwanza kinategemea pembe ya uma, na cha pili kinapima mkono na kusahau kiwiliwili. Sivitumii.

Umbali hubadilishwa kwa kubadilisha shingo, fupi au ndefu, kwa hatua ya milimita 10. Kabla ya kununua, kumbuka kwamba kupandisha usukani tayari kunausogeza karibu: bomba la uma limelala nyuma, na kila sentimita 1 ya kupanda inaleta usukani karibu kwa takriban milimita 3. Mara nyingi pete mbili juu zinamaliza shida ya umbali. Shingo fupi sana kwenye fremu isiyotengenezwa kwa ajili yake inafanya usukani uwe mwepesi mno kugeuka.

Ukifungua bamba la mbele linaloshika usukani, kaza bolti zake nne kwa mtindo wa msalaba, na nafasi ya juu na ya chini ya bamba zilingane. Bolti moja ikikazwa yote kabla ya wenzake, bamba linaweza kupasuka.

Breki na viganja

Sehemu hii ni ndogo lakini nafuu yake inaonekana siku hiyohiyo. Legeza vibanio vya breki, kaa kwenye baiskeli, weka viganja kwenye usukani na unyooshe vidole. Mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole uwe mstari mmoja, na wenzo wa breki uwe palepale vidole vilipo. Kwa usukani ulionyooka, wenzo huelekea mbele na chini, mara nyingi digrii 30 hadi 45 chini ya usawa. Ukiwa umelala sawa na sakafu, kifundo cha mkono kinakunjika juu kila unaposhika breki.

Ganzi ina anwani. Ikikaa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, ni neva ya upande wa nje wa kiganja inayobanwa, na unahitaji kupunguza uzito mikononi au kubadili mshiko. Ikikaa kwenye gumba, shahada na cha kati, angalia kwanza kama kifundo cha mkono kimekunjika.

Kufuatilia maumivu

Endesha nusu saa, rudi, andika. Badilisha kitu kimoja tu kila safari. Ukibadilisha viwili na maumivu yakapungua, hujui kipi cha kushukuru. Maumivu mbele ya goti kwa kawaida yanaelekeza kwenye siti iliyo chini au iliyo mbele mno. Nyuma ya goti, siti iko juu au imerudi nyuma sana. Ubavuni mwa goti, tazama mguu unavyokaa kwenye pedali kabla ya kugusa siti, hasa kama viatu vyako vinanasa kwenye pedali. Kiuno kikiuma, kagua kwanza kuyumba kwa nyonga, halafu umbali wa usukani. Shingo na mabega ni karibu kila mara usukani, uwe mbali au uwe chini.

Kuna mambo ambayo alenki haiyafikii. Kama siti imerudishwa mwisho wa reli, au shingo ya usukani ni fupi kabisa na bado unanyoosha mikono, fremu si saizi yako. Na maumivu yanayobaki hata siku usizoendesha, au goti lililovimba, ni ya kupeleka kwa daktari.

Baada ya safari mbili tatu, pitia bolti zote ulizozigusa, kwa kuwa zikitulia hulegea kidogo. Pima upya vile vipimo vinne vya mwanzo, viandike na tarehe, ubandike tepu mpya kwenye bomba la siti. Vitakuhitajika siku utakapobadilisha kifaa: siti mpya inaweza kuwa nene au nyembamba kuliko ya zamani, na ukitoka kwenye krenki za milimita 175 kwenda 170, siti inapanda milimita 5.